Mfuko wa Mchanga Unaowasha Taa: Jinsi ya Kubuni na Kutengeneza Kichezeo cha Kufundishia Ugeuzaji wa Nishati

Vichezeo vingi vinavyouzwa kwa jina la sayansi vina kasoro moja kubwa: betri imefichwa ndani ya tumbo la plastiki. Mtoto hubonyeza kitufe, taa ikawaka na gurudumu likazunguka, naye akajifunza jambo moja tu, kwamba kitufe huwasha taa. Nishati imetoka wapi, imepitia wapi na imeishia wapi, hayo yote yamefunikwa.

Kichezeo kinachoelezwa hapa hakina betri. Mtoto huinua mfuko wa mchanga wa kilo moja na nusu hadi karibu na kilele cha mnara mdogo, kisha huuachia. Mfuko unaposhuka huzungusha gurudumu la mbao, gurudumu huzungusha mota iliyofunguliwa kwenye printa mbovu, na taa tatu ndogo nyekundu huwaka kwa sekunde chache. Mfuko ukifika chini, taa huzimika, na hakuna njia ya kuziwasha tena isipokuwa mtoto mwenyewe ainue mfuko upya. Vifaa vyake hupatikana kwa fundi baiskeli, kwa fundi redio na kwenye mabaki ya mbao ya seremala, na mtu mzima mmoja akisaidiana na watoto wawili au watatu wa umri wa miaka 10 na kuendelea anaweza kukikamilisha kwa siku mbili za mapumziko.

Anza na karatasi kabla ya msumeno

Kabla ya kukata ubao wowote, andika mnyororo wa nishati unaotaka mtoto auone. Wetu ni huu: nishati ya kikemia iliyo katika chakula inakuwa kazi ya misuli, misuli inauinua mfuko, na nishati inahifadhiwa katika mfuko ulio juu, ambayo vitabu vya shule huiita nishati tuli; mfuko ukishuka, nishati hiyo inakuwa nishati mwendo ya mfuko na gurudumu, mota inaigeuza kuwa umeme, na taa inaugeuza umeme kuwa mwanga na joto. Sasa pitia kila pete ya mnyororo na ujiulize: mtoto ataiona, ataisikia au ataigusa vipi? Pete isiyoonekana wala kuguswa inahitaji kubuniwa upya, hata kama kichezeo kinafanya kazi vizuri.

Kuna sharti jingine ambalo wabunifu wengi hulisahau, nalo kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote. Lazima mtoto aweze kubadilisha kitu kimoja na kuona matokeo yakibadilika. Kichezeo kinachofanya jambo lile lile kila mara hutazamwa kwa dakika tano kisha huwekwa pembeni. Ndiyo maana kichezeo hiki kina swichi yenye hali tatu, ambayo nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa bila hiyo tumetengeneza pambo tu.

Hatua ya mwisho ya kazi ya karatasi ni hesabu. Nishati tuli hupatikana kwa kuzidisha tungamo la mfuko kwa kilo, kivutano cha dunia ambacho ni 9.8, na urefu wa mshuko kwa mita. Mfuko wa kilo 1.5 ukishuka sentimita 80 hutoa 1.5 × 9.8 × 0.8, yaani juli 12 hivi. Hiki ni kiasi kidogo sana. Balbu ya zamani ya tochi, inayokula karibu wati moja, ingemaliza juli 12 kwa sekunde 12 hata kama kusingekuwa na upotevu wowote njiani, na upotevu utakuwa mkubwa. Taa nyekundu ya LED (taa ndogo ya kielektroniki inayotumia umeme kidogo), kwa upande wake, huwaka vizuri kwa volti 2 na mkondo wa ampea 0.018, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini na tano ya wati. Kwa hiyo tumia LED, na usijaribu balbu.

Wazo la kufunga kizito kwenye kamba ili kupima nishati si geni. James Prescott Joule, Mwingereza aliyezaliwa Salford mwaka 1818 katika familia ya watengeneza bia, alitumia vizito vinavyoshuka kuzungushia pangaboi ndani ya chombo cha maji, na akapima jinsi maji yalivyopata joto. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1843, alikuwa ameeleza majaribio ya kuzungusha koili ya waya katikati ya nguvu za sumaku na kupima joto linalozaliwa na umeme. Kizito, kamba, koili na sumaku ndivyo viungo vya mnara wetu, na kipimo cha juli kimepewa jina lake.

Vifaa

Kwa fundi baiskeli, omba habu ya gurudumu la mbele, yaani kile kitovu chenye matundu ya spoku, ikiwa na ekseli yake na nati zake. Hata habu iliyochakaa inafaa, mradi golori zake zizunguke bila kukwama. Ifungue, isafishe kwa mafuta ya taa, kisha ipake grisi kidogo sana, kwa sababu grisi nyingi huongeza uzito wa mzunguko. Chukua pia kipande cha tyubu kuukuu. Kwa seremala, tafuta mbao ya mbili kwa nne yenye urefu wa sentimita 120, vipande viwili vya mbao nyembamba vya sentimita 30 kila kimoja, ubao wa kukalia mnara wa sentimita 50 kwa 50, na plaiwudi ya milimita 6 inayotosha kukata duara lenye kipenyo cha sentimita 24. Kwa fundi redio, nunua LED nyekundu tatu, LED za kijani tatu, rezista tatu za omu 330 (vipande vya kupunguza mkondo; mistari yake ya rangi ni chungwa, chungwa na kahawia), waya mwembamba, na kibanio kimoja cha waya chenye meno. Utahitaji pia kamba ya nailoni ya milimita 2, kitambaa kizito cha kushonea mfuko, mchanga mkavu, na bawaba ndogo moja. Multimita ya bei nafuu, yaani kifaa cha kupimia volti na mkondo, ni muhimu. Ikiwa huna, azima.

Mfuko ni wa kitambaa kwa makusudi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina tungamo lile lile, lakini ni ndefu kiasi cha kula sehemu kubwa ya mshuko, na ikimwangukia mtoto mguuni huumiza zaidi.

Kuchagua mota

Hapa ndipo kazi nyingi za namna hii hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mota ndogo ya umeme wa mkondo mnyoofu (DC, usiobadili mwelekeo) ni jenereta inayofanya kazi kinyume: ukiipa umeme inazunguka, na ukiizungusha inatoa umeme. Kanuni hiyo imejulikana tangu Michael Faraday alipoonyesha huko London mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na koili huzalisha mkondo. Hata hivyo, mota hazilingani. Mota ya gari la kuchezea la volti 3 imeundwa kuzunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika. Maana yake ni kwamba ukiizungusha mara 1,500 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi tunayoweza kuipata kwa mfuko wetu, itatoa chini ya nusu volti, na LED haitaonyesha hata dalili ya kuwaka, kwa sababu inahitaji takribani volti 2 ndipo ianze kupitisha mkondo.

Unachotafuta ni mota iliyoandikiwa volti nyingi na yenye mwendo wa taratibu. Printa mbovu za nyumbani na za ofisini huwa nazo, mara nyingi zimeandikwa volti 24. Usifungue sehemu ya printa inayopokea umeme wa ukutani, kwa maana kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Mwombe fundi akutolee mota peke yake. Ukiipata, weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu, gusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya mota, kisha zungusha mhimili kwa vidole kwa nguvu. Kipimo kikiruka kupita volti 1, mota hiyo inafaa.

Ndani ya printa utakutana pia na mota za aina nyingine, zenye waya nne au zaidi, ambazo ukizizungusha kwa vidole unahisi vijino vinavyokwama na kuachia. Hizo ni mota za hatua. Zinatoa umeme hata kwa mwendo mdogo, lakini umeme wake hubadili mwelekeo mfululizo, na kwa sababu nitakayoieleza kwenye saketi, zitatuharibia somo moja zuri. Mota za redio kaseti za zamani nazo zinavutia, ila nyingi zina saketi ndogo ndani ya kudhibiti mwendo, na bila kuitoa hazizalishi umeme ipasavyo. Waachie mafundi.

Kujenga mnara

Simamisha mbao ya mbili kwa nne juu ya ubao wa kukalia, karibu na ukingo wa nyuma, na uikaze kwa skrubu na mihimili miwili ya mshazari. Weka jiwe au tofali nyuma ya nguzo ili mnara usielekee mbele mfuko unapobembea.

Kwenye kilele, funga mikono miwili ya mbao, mmoja kila upande wa nguzo, ikitokeza mbele sentimita 20. Upana wa nguzo ni karibu sentimita 10, na habu nyingi za mbele hukaa kwenye nafasi inayokaribia hiyo hiyo, kwa hiyo ekseli itaingia kati ya mikono bila taabu. Pakibaki pengo, lijaze kwa washa (pete bapa za chuma). Toboa ncha za mikono, pitisha ekseli, lakini usikaze nati bado.

Kata duara la plaiwudi, ulainishe ukingo wake kwa tupa kisha kwa msasa, na utoboe katikati tundu linalotosha kupita kikombe cha habu. Lifunge duara hilo kwenye bawa moja la habu kwa kupitisha waya katika matundu sita ya spoku yaliyopangika kwa nafasi sawa. Chukua muda katika kulinganisha. Shikilia kalamu karibu na ukingo, zungusha gurudumu, na usogeze duara mpaka ncha ya kalamu ibaki na pengo lile lile mzunguko mzima. Gurudumu lililopinda milimita tatu tu litaigusa mota upande mmoja na kuiachia upande mwingine, na taa zitakuwa zikipepesa. Rudisha habu kwenye mikono na ukaze nati.

Kamba hujifunga kwenye shina la habu, kati ya mabawa mawili. Ipitishe ncha moja katika tundu la spoku na uifunge fundo imara, kisha ufunge mfuko kwenye ncha ya pili. Urefu wa kamba uwe ule unaouacha mfuko ukining'inia sentimita 5 juu ya ubao wa kukalia kamba inapokuwa imekunjuka yote. Chini yake weka kipande cha godoro.

Sasa mota. Kanuni ni ile ile ya dainamo ya baiskeli inayobana tairi: kichwa kidogo kinachosuguliwa na gurudumu kubwa. Zungushia mhimili wa mota ukanda mwembamba wa tyubu, ukiubandika kwa gundi, mpaka kipenyo kifikie sentimita 1. Ikaze mota juu ya kipande cha ubao, kipande hicho ukifunge kwenye nguzo kwa bawaba, na ukiweke mahali ambapo kichwa cha mota kinagusa ukingo wa duara kutoka nyuma. Ukanda mwingine wa tyubu uvute ubao huo ili kichwa kibane kwa wastani. Mbano ukiwa mkali, mfuko hautashuka. Ukiwa hafifu, kichwa kitateleza. Utaurekebisha mara nyingi, na ni vizuri watoto waurekebishe wenyewe.

Kwa vipimo hivi, duara la sentimita 24 huzungusha kichwa cha sentimita 1 mara 24 kwa kila mzunguko mmoja. Ikiwa shina la habu lina kipenyo cha sentimita 3, kila mzunguko huachia kamba ya sentimita 9.4, na mshuko wa sentimita 80 ni mizunguko minane na nusu. Mota basi itazunguka zaidi ya mara 200 katika mshuko mmoja. Mwambie mtoto azihesabu mwenyewe kwa kuchora alama ya chaki kwenye duara.

Saketi na swichi ya hali tatu

Chukua LED nyekundu moja na LED ya kijani moja, uziunganishe kichwa kwa mguu, yaani mguu mrefu wa moja ushikane na mguu mfupi wa nyingine, pande zote mbili. Upande mmoja wa jozi hiyo lehemu rezista moja ya omu 330. Fanya hivyo kwa jozi zote tatu. Kisha unganisha ncha huru za rezista zote pamoja, na ncha huru za jozi zote pamoja.

Jozi hizi zina kazi mbili. Mfuko ukishuka, mota huzunguka upande mmoja na LED nyekundu huwaka. Mtoto akizungusha gurudumu kwa mkono ili kupandisha mfuko, mota huzunguka upande wa pili na LED za kijani huwaka. Mtoto huona kwa macho kwamba mkondo una mwelekeo. (Mota ya hatua ingewasha rangi zote mbili daima, na somo hili lingepotea.) Kazi ya pili ni ulinzi, kwa kuwa LED nyingi hazivumilii zaidi ya volti 5 za kinyume, na kila moja katika jozi humkinga mwenzake. Ukikuta rangi zimegeuka, geuza waya za mota.

Kwa swichi, kaza skrubu mbili kwenye ubao, uziite A na B. Waya mmoja wa mota uende kwenye skrubu B, na kutoka hapo uendelee hadi upande mmoja wa taa. Upande wa pili wa taa uende kwenye skrubu A. Waya wa pili wa mota umalizikie kwenye kibanio chenye meno. Kibanio kikiachwa hewani, saketi iko wazi na hakuna mkondo. Kikibana skrubu A, mkondo unapita katika taa. Kikibana skrubu B, ncha mbili za mota zimeunganishwa moja kwa moja, na mkondo unapita ndani ya koili bila kupitia taa.

Pandisha mfuko na uuachie mara tatu, kila mara kwa hali tofauti, huku mtoto mmoja akipima muda. Saketi ikiwa wazi, mfuko hushuka haraka. Taa zikiwa zimeunganishwa, hushuka polepole zaidi. Ncha za mota zikiunganishwa moja kwa moja, mfuko huteremka kwa mwendo wa kinyonga, kana kwamba kuna mkono unaoushikilia. Hakuna kilichobadilika katika mbao, kamba wala mfuko; kilichobadilika ni njia ya mkondo tu. Mkondo unaopita katika koili hujenga nguvu ya sumaku inayopinga mzunguko ule ule uliouzalisha, kanuni iliyotolewa na Heinrich Lenz mwaka 1834. Jaribio hili moja lina thamani kuliko maelezo ya saa nzima, kwa sababu mtoto anaona kwamba umeme unadai malipo. Kila mwanga unaotoka katika taa umekatwa kwenye mwendo wa mfuko.

Mpe pia nafasi ya kuliona jambo hilo kwa mkono. Avue mfuko, azungushe gurudumu mwenyewe akiwa amefumba macho, na mwenzake abadilishe kibanio kimyakimya. Ataitambua hali ya B papo hapo kwa uzito wa mzunguko.

Matatizo ya kawaida

Mfuko usiposhuka kabisa, legeza mbano wa mota kwanza, kisha kagua golori za habu. Ongeza mchanga ukishindwa kote huko. Gurudumu likizunguka na taa zisiwake, weka multimita kwenye ncha za mota mfuko ukiwa unashuka: chini ya volti 2, tatizo ni mota au kichwa kinachoteleza; juu ya hapo, tatizo liko kwenye saketi, na mara nyingi ni LED iliyogeuzwa. Volti zikizidi 8 kwa mbali, badilisha rezista kwa zile za omu 470 (manjano, zambarau, kahawia) ili kuzihifadhi taa.

Mfuko ukifika mwisho wa kamba, utaona gurudumu linaendelea kuzunguka, kamba inajifunga upande wa pili, na mfuko unapanda kidogo kabla ya kushuka tena. Hilo si kosa. Nishati mwendo iliyobaki katika gurudumu inarudi kuwa nishati tuli mbele ya macho ya mtoto, na mfuko unaposhuka mara hii ya pili mota huzunguka kinyume, kwa hiyo mwanga wowote utakaotokea utakuwa wa kijani. Pimeni urefu wa kupanda huko katika hali zote tatu za swichi.

Usalama ni mambo machache lakini ya lazima. Watoto wasiweke vidole kati ya kichwa cha mota na duara, wala miguu chini ya mfuko. Ndugu wadogo wa chini ya miaka mitatu wawe mbali na LED na skrubu, kwa kuwa humezeka. Mtu asifungue mota ili kuwapa watoto sumaku zake: sumaku zikimezwa zaidi ya moja huvutana ndani ya utumbo na kuudhuru vibaya. Na saketi hii isiunganishwe na umeme wa nyumbani kwa namna yoyote ile.

Kufanya hesabu ya mapato na matumizi

Kwa wanafunzi wanaojua kuzidisha desimali, hapa ndipo kichezeo kinapokuwa maabara. Tuseme mfuko ulishuka kwa sekunde 7 na multimita ilionyesha volti 8 muda mwingi. LED hubaki na volti 2 na rezista hupata 6. Gawanya 6 kwa 330, upate ampea 0.018. Kila LED inapokea wati 0.036, tatu zinapokea 0.11, na kwa sekunde 7 zimepata juli 0.76. Tuliweka juli 12. Taa zimepata asilimia 6 tu.

Usimwache mtoto akadhani kwamba nyingine zimepotea. Nishati haipotei, bali imekwenda mahali ambapo hatukukusudia. Rezista tatu zimechukua volti 6 kwa mkondo ule ule, yaani juli 2.3, ambazo ni nyingi kuliko zilizofika kwenye taa. Zilizobaki zimeishia katika msuguano wa golori, wa mpira na wa burashi za mota, katika joto la koili, katika mlio unaousikia, na katika gurudumu ambalo bado linazunguka. Mtoto atauliza mbona basi mota haina joto. Jibu lake linamrudisha kwa Joule: juli zote 12 zikimiminwa katika gramu 100 za maji zingeyapasha kwa digrii 0.03 tu. Ndiyo maana Joule alilazimika kuviachia vizito vyake vishuke tena na tena katika jaribio moja, na kutumia vipimajoto vyenye usahihi usio wa kawaida katika zama zake.

Anzisha mashindano ya kupandisha asilimia hiyo 6. Kikundi kimoja kinaweza kupanga LED tatu nyekundu kwa mfuatano pamoja na rezista moja ya omu 100, ili volti 6 kati ya 8 zifike kwenye taa badala ya kuliwa na rezista. Kikundi kingine kishughulikie golori. Kingine kijaribu kichwa cha mota kikubwa au kidogo zaidi. Kila kikundi kibadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kuandika matokeo, hata yakiwa mabaya.

Baada ya hapo, badilisheni mfuko na urefu. Mfuko wa gramu 750 unaoshuka mita 1.6 una nishati sawa na wa kilo 1.5 unaoshuka sentimita 80. Watoto wa Tanzania wana mfano mkubwa wa jambo hili nchini mwao. Kituo cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, hutegemea maji yanayoporomoka kwa kimo cha zaidi ya mita 800, hivyo hakihitaji maji mengi sana kwa kila wati. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji halina kimo cha namna hiyo. Mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, hulishwa na wingi wa maji. Mmoja amechagua urefu, mwingine amechagua tungamo, na mtoto aliyebadilisha mfuko wake mwenyewe ataielewa tofauti hiyo bila kukariri.

Upande wa mwanzo wa mnyororo nao uhesabiwe. Kijiko kidogo cha sukari, gramu 4 hivi, kina karibu juli 65,000. Hata tukichukua kwamba misuli hugeuza sehemu moja tu ya tano kuwa kazi, kijiko hicho kingetosha kuinua mfuko zaidi ya mara 1,000. Mwambie mtoto auinue kwa mkono, moja kwa moja, huku mkono wa pili ukikunja kamba kwa kuzungusha gurudumu, ili ahisi kilo moja na nusu ilivyo. Kisha aupandishe kwa kuzungusha ukingo wa duara peke yake: ni mwepesi mno, lakini mkono wake umesafiri njia ndefu mara nane kuliko mfuko.

Kichezeo kisipotumika, legeza ukanda wa tyubu unaobana mota na uuache mfuko chini. Mpira ukikaa umebanwa kwa wiki kadhaa huingia bonde pale unapogusana na duara, na tangu siku hiyo taa hupepesa kila bonde linapopita.